Usukani Uliopanda Kiganja Kimoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Safari tano leo, saruji na mabomba, zote kutoka dukani Chanika. Viganja vimekufa ganzi, kalamu naishika kama mkono si wangu. Mie mrefu, pikipiki ya duka fupi. Siku nzima nimeinama kama mtu anafua. Mke wangu Atuganile kapiga simu kutoka Tukuyu, anauliza mgongo wa baba Tupokigwe unaendeleaje. Nikamwambia umepona. Uongo mtupu.

Marselino, fundi wa magrili ya madirisha hapa jirani, anasema anaweza kuupandisha usukani. Vipande viwili vya chuma chini yake, anachomelea, basi. Ila bosi Hadi alishakataza kubadilisha kitu kwenye pikipiki zake. Alisema mara moja, kwa upole. Hadi hafokagi. Anafukuzaga tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, duka limefungwa. Nimeenda kwa Marselino. Usukani umepanda kiganja kizima! Nikamwomba asage pale alipochomelea mpaka pawe laini, apake rangi nyeusi, Hadi asije akaona. Akacheka — kwani dirisha gani la Marselino umewahi kuliona na makovu? Akapitisha grenda mpaka chuma kikawa kama kimezaliwa hivyo.

Nimeendesha hadi Pugu na kurudi. Nimekaa wima kama mwalimu mkuu! Mikono haina ganzi. Nilikuwa nimesahau kwamba barabara ile ina miti pembeni.

Jumapili, 10 Agosti

Kitu kimoja. Nikikata kona ya kulia injini inanguruma yenyewe. Sijagusa mafuta. Marselino anasema usukani umepanda, waya wa mafuta umebaki na urefu uleule, kwa hiyo unavutwa. Kaupitisha njia nyingine. Sasa kimya.

Kimya — lakini kona za kulia nazikata nimebana pumzi.

Jumatatu, 11 Agosti

Fredrick, mwenzangu dukani, ndiye anaendesha pikipiki ya pili. Kaniona asubuhi, akapiga mluzi. "Braza Gibson, umekuwa twiga wa Mikumi?" Watu wakacheka. Baadaye akaja pembeni, anataka kujua nimefanyaje. Nikamsifia Marselino kama nimetumwa. Mkewe Clara ana mimba ya miezi saba. Fredrick anasema akimpakia inabidi yeye alale juu ya tangi. Sasa atakaa sawa, na mama naye apate nafasi.

Mchana huohuo akapeleka yake. Vipande vilevile, grenda ileile, rangi ileile.

Hadi alipita kwenye pikipiki zote mbili. Akasimama. Akafuta vumbi kwenye kioo cha moja. Akaenda zake.

Alhamisi, 14 Agosti

Kuna mstari. Mwembamba kama unywele, upande wa kushoto, pale chuma kilipoungwa. Nimeufuta na shati, haufutiki.

Marselino anasema ni rangi tu, mzee, rangi hupasuka ikikauka. Akapaka nyingine juu. Nikamshukuru!

Fredrick sijamwambia. Nikimwambia atalisema mbele za watu, hajui kunong'ona yule. Hadi akisikia, kazi hakuna. Mwanangu Tupokigwe anaanza sekondari Januari. Nitamwambia kesho, kwa utulivu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikumwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Mstari umerudi. Umetokeza juu ya rangi mpya, tena umezunguka. Pikipiki ilikuwa imesimama uani, haijawashwa. Nikaushika usukani kwa mikono miwili, nikauvuta kama namvuta ng'ombe. Ukang'oka! Nimebaki nao mkononi.

Nikachungulia pale ulipokatikia. Ndani chuma hakikuwahi kushikana. Kilichoshika ni ngozi ya juu tu — na ngozi hiyo ndiyo niliyoomba isagwe.

Fredrick alishatoka. Leo anampeleka Clara kliniki, Mwananyamala. Nikapiga simu. Akapokea, upepo mtupu. "Braza, niko mwendoni, nina mama kijacho nyuma, nitakupigia!" Nikapiga kelele simama, simama Fredrick! Nikamsikia Clara anacheka, anasema mwambie Gibson atuache, leo Jumamosi. Ikakatika. Nikapiga tena mara sita. Inaita tu.

Nikaingia ofisini kwa Hadi na usukani mkononi. Nikauweka mezani, juu ya karatasi zake. Nikamweleza yote, mpaka lile la kumwomba Marselino asage ili yeye asione.

"Na ya Fredrick?"

"Hivyohivyo, bosi."

"Anajua?"

Nikasema hajui. Nikasema mie nilijua tangu juzi.

Akaniangalia. Nilingoja anifukuze. Nilitamani anifukuze, tuwe tumemaliza. Akachukua funguo za gari, akasema, "Panda. Njia anayopita unaijua."

Sasa tuko garini, barabara ya Pugu. Napiga simu kwa mkono huu, naandika kwa huu, maandishi yanaruka. Nikiacha kuandika nitatazama mbele. Midomo ya Hadi inacheza, nadhani anaomba dua. Tumefika pale mteremko unapoanzia, magari yamesimama. Hadi kashusha kioo, kamuuliza mama anayeuza maji kuna nini huko chini. Anasema hajui, yamesimama sasa hivi tu.

Simu bado inaita.

Dakika nane. Upande wa pili wa barabara ni mtupu. Tangu tusimame, halijapandisha gari hata moja kutoka chini.