Tulsa Haipandi Ukutani Kwetu

Jumatatu, 6 Mei 2019

Upepo. Siku mji wetu wa Wichita utakapokosa upepo nitajua nimekufa. Tumeosha madirisha kuanzia ghorofa ya kumi hadi ya sita, mimi na mwenzangu Hanh, kamba mbili, ndoo mbili. Mama mmoja wa ghorofa ya nane akanipungia mkono. Bado nimo! Hanh anasema alikuwa anafukuza nzi.

Mchana tulikula chili, ule mchuzi wa nyama na maharagwe, na andazi la mdalasini pamoja na mafundi wa lifti. Ubishi ukazuka: mji gani huku kwetu una maghorofa ya kupendeza ukiyatazama kwa mbali? Waliniuliza mimi, na walifanya vyema. Wao wanaitazama miji kwenye vioo vya magari. Mimi nimeipapasa! Nikawapa hukumu. Omaha: mnara mmoja mrefu, mengine yamechuchumaa chini yake yakingoja kugawiwa chakula. Des Moines: lile kuba la dhahabu la bunge lao linajiona mno. Little Rock: imejipanga vizuri mtoni, ila njiwa wake hawana adabu. Tulsa — haya, nzuri. Inajua kwamba ni nzuri, na hapo ndipo inaponiudhi.

"Na Wichita?" akauliza fundi mmoja. "Si meno ya mtoto wa miaka sita hayo!"

Kweli, majengo yetu ni mafupi, na yamekaa mbalimbali kama ndugu waliogombana msibani. Lakini nyuma yake kuna maghala ya ngano, meupe, na juu yake mbingu yote bila mtu kuikata. Nilimpa nusu ya andazi langu ili anyamaze. Hakunyamaza. Alikula tu.

Jumanne, 7 Mei

Kuna kazi mpya. Bosi Koehn ameleta bango la tamasha la mji la Jumamosi, urefu wa ghorofa nane. Tulifunge kwenye ukuta wa kusini wa ile benki ya zamani, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Tukalikunjua kidogo ghalani kulikagua. Herufi kubwa kama ng'ombe: WICHITA, FAHARI YETU.

Na chini ya herufi — picha ya Tulsa!

Nikacheka peke yangu. Nikadhani ni utani wa bosi, japo bosi hajawahi kutania tangu nimjue. Tulsa tupu! Lile jengo jeupe refu, madirisha membamba, kampuni ilinituma nikayaosha kiangazi kizima mwaka 2004.

"Una uhakika, mzee?" Hanh akauliza.

"Hapo kushoto ndipo nilipovunjika goti. Mtu hamsahau aliyemvunja goti."

Bosi akasema kamati ya tamasha ndiyo iliyolichapisha, kamati ndiyo inayojua, kazi yangu ni kufunga kamba. Nikamwambia mtu akizaa mtoto halafu ukampelekea picha ya mtoto wa jirani, atakushukuru? Akasema yeye hana mtoto.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kwenye kamati mwenyewe, na buti zangu zenye maji ya sabuni. Zulia lao sasa linanijua. Akanipokea Bi Kendra, msimamizi wa matangazo, msichana mstaarabu sana, akanipa kahawa. Nikamweleza polepole, maana nilidhani maskini amekosea na ataaibika. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumfariji!

Akafunga mlango. "Bwana Stucky, tunajua."

Mnajua?

"Ya kwetu tuliijaribu. Tulipiga picha kutoka ng'ambo ya mto, tukapiga na kwa ndege. Haikujaza bango. Ilikuwa mbingu tupu."

"Sasa watu wakiuliza?"

"Bango limepita kwa watu kumi na wanne, wote wa hapa. Hakuna aliyeuliza. Wewe wa kwanza."

Hilo la watu kumi na wanne ndilo lililoniuma. Wamezaliwa hapa, wamechumbiana kando ya ule mto, na hawaijui sura ya mama yao! Mimi shule niliiacha darasa la kumi, kwa hiyo sina maneno ya ofisini. Nilimwambia tu: Tulsa haipandi ukutani kwetu. Angalau si kwa mikono yangu. Nikamaliza kahawa kwanza, ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 9 Mei

Bosi amesema waziwazi. Mwenye ile benki ana majengo mengine sita, yote sisi ndio tunaoyaosha. Bango lisipofungwa kesho, anatafuta kampuni nyingine. Na mimi kibarua kinaota nyasi, miaka ishirini na miwili au la.

Hilo ningelimeza. Hanh ndiye aliyenikata miguu.

"Wewe una kiburi, mzee. Mimi nina watoto wawili na nyumba niliyohamia Februari. Bango hilo halishuki bila watu wawili, unalijua hilo! Ukikataa wewe, nimekataa na mimi, hata kama sijafungua mdomo."

Nikashusha sauti. Mimi!

Nikamwambia nitamweleza bosi kwamba mimi ndiye niliyemzuia yeye kwa nguvu. Akanitazama nilivyo, goti bovu na tumbo. "Nani atakuamini?"

Ijumaa, 10 Mei

Nipo juu ya paa la benki, saa tano na nusu. Nimelikalia bango. Yaani nimeikalia Tulsa yote, na si laini.

Tulikwishafunga kamba zote asubuhi. Kila kitu tayari: mimi upande wa magharibi, Hanh mashariki, ilibaki kusukuma tu. Nikashindwa. Nilijaribu, naapa! Nilimfikiria Hanh na nyumba yake, nikaweka mikono. Kisha nikainua kichwa nikaiona Wichita, meno yote ya mtoto, na maghala, na ndege moja ya kiwandani inajaribiwa huko magharibi. Nikakaa chini. Nikasema, mwambieni bosi aje anifukuze huku huku juu, nimevaa mkanda wangu wa usalama.

Na amekuja! Bosi Koehn anaogopa urefu, kila mtu anajua, miaka kumi na moja hajakanyaga paa. Ametoka mlangoni akitambaa kwa magoti, tai imeburuzika kwenye kokoto.

"Orville! Shusha hilo bango!"

Nikamwambia: njoo hapa ukingoni. Nionyeshe unachotaka kukifunika, nami nitashusha.

Akatambaa hadi ukingoni kunionyesha mimi ni mpumbavu. Amekamata bomba kwa mikono miwili. Nikangoja matusi. Hayakuja. Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Lile paa la kijani kule, nyuma ya reli. Si kanisa la mama yangu?"

"Ndilo."

"Linaonekana hivyo kutoka hapa?"

"Siku zote, bosi."

Naandika ili mikono yangu isimshike mtu shati. Saa sita kasoro dakika tisa. Chini Bi Kendra amesimama na watu wa kamera, wadogo kama punje. Bosi amesema, "Shusheni," lakini hajageuza kichwa, bado anatazama nje. Hanh ameshika ncha yake ya kamba.

Hasukumi. Ananitazama mimi, si bosi, na anaanza kuikunja kamba.