Upinde wa Baba Allen Una Ufa, na Mimi Nimeshapokea Advansi

Mpendwa Mama Tekla,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Sekei, na namba yangu ya simu nimeiweka chini kwa sababu jambo langu halitasubiri gazeti litoke, Jumamosi mtu anakuja kuchukua mzigo nyumbani kwangu na mimi tangu juzi nafagia ua uliokwisha kufagiwa, naingia ndani, natoka, nasahau nilichofuata, nakaa, nasimama tena, kwa hiyo naomba uniwahi.

Mume wangu, Baba Allen, ana duka la vifaa vya ujenzi Kaloleni, vipya na vilivyotumika, na watu wanamjua kwa jambo moja, ukimpelekea mlango wa zamani au pampu iliyochoka ataigeuza mara mbili halafu atakutajia bei, na ukizunguka mji mzima utarudi kwake. Nje ya duka alikuwa na kitu kimoja tu cha kumfurahisha, upinde. Si wa kuwindia, ni ule wa mashindano ya kulenga shabaha, una kishikio cha chuma katikati na mikono miwili inayofungwa juu na chini, aliununua kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na podo la kubebea mishale, mishale yenyewe, na kilengeo, kile kidude cha kulengea. Kila Jumamosi alikuwa uwanjani na wenzake wa klabu, upande wa Usa River, na akirudi alikuwa mtu mwingine, anaongea hadi chakula kinapoa.

Mwaka jana akateleza akishusha nondo, msuli wa bega la kulia ukachanika. Daktari alimwambia mbele yangu, "Mzee, kuvuta upinde basi. Ukiendelea, mkono huu utashindwa hata kuinua kikombe." Tulipofika nyumbani akasema, "Tuuze," na mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo nikadhani yameisha.

Kumbe ndiyo yanaanza. Alisema laki nane. Akaja mtu na laki nane mkononi, Baba Allen akamwambia hiyo ni bila kilengeo, na kilengeo ni laki mbili. Yule akaenda akarudi na milioni, akakuta imekuwa milioni moja na laki mbili, akaondoka akitikisa kichwa. Nikamuuliza, "Baba Allen, mlango ukikaa dukani bila mteja, wewe huwa unaupandisha bei?" Akanijibu, "Mlango ni mlango."

Halafu akaja Lerionka, mwalimu wa sekondari huko Oldonyo Sambu, kijana mstaarabu anayefundisha wanafunzi wake mchezo huo. Alituamkia, akanawa mikono, akauchukua upinde akaukagua taratibu pale sebuleni, akapitisha ukucha pembeni mwa mkono wa chini, akarudia, kisha akauliza, "Mzee, samahani, naomba nikuulize kwa heshima. Huu umewahi kuvutwa ukaachiwa mtupu, bila mshale?"

"Nani aachie upinde mtupu? Mimi si mtoto."

"Ni kwamba hapa tabaka zimeanza kuachana, kama plaiwudi iliyonyeshewa. Ukiachia bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde. Siku ukipasuka unampasukia mtu usoni. Kishikio ni kizima, podo na kilengeo vizuri. Mimi nitatoa laki nne, hii mikono nitaitupa."

Baba Allen akasimama. "Umekuja kununua au umekuja kunisema mbele ya mke wangu?" Akamfungulia mlango. Yule kijana aliniaga akiwa ameinamisha macho, akasema, "Mama, nisamehe, sikukusudia."

Mama Tekla, mimi sijui pinde lakini mume wangu namjua, na hasira ile haikuwa ya mtu aliyetukaniwa mali, ilikuwa ya mtu aliyekamatwa. Jumapili iliyofuata niliaga naenda mazoezi ya kwaya, nikafika njiani nikakumbuka kitabu cha nyimbo, nikarudi, na nilipopita karibu na stoo nikasikia mlio, pa, kama mtu amechapa ubao, halafu kimya. Nikafungua. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, upinde uko chini, mkono wa kushoto umeshika bega la kulia na jasho linamtiririka.

"Umerudi mapema," akasema.

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Siku nyingine nafika nusu. Halafu uzi unaniponyoka."

"Na daktari?"

"Daktari hajawahi kushika upinde." Kisha akaniambia, "Usiniangalie hivyo, mama," na sikujua nimwangalieje, nikamsaidia kuinuka, hatukuzungumza tena habari hiyo.

Hapo ndipo nilipoamua lazima upinde uondoke. Nikaupiga picha, nikaziweka kwenye kundi letu la simu la akina mama, na dada mmoja wa Njiro, Violet, akanitafuta, binti yake amejiunga na klabu na yeye anataka kumnunulia upinde wa kwake. Nikamtajia bei ya Baba Allen, milioni moja na laki mbili, akakubali bila kuomba hata punguzo. Akaniuliza jambo moja tu, "Hauna shida yoyote, dada?" Nikamwambia hauna. Siku hiyohiyo akanitumia nusu ya pesa kama advansi. Anakuja Jumamosi kumalizia na kuuchukua, na nimechagua Jumamosi kwa sababu Baba Allen atakuwa kwenye kikao cha usharika, akirudi hataukuta.

Sasa sipati raha. Nikikaa namwona yule binti nisiyemjua, nikisimama namwona mume wangu na bega lake. Nikimwambia Violet ukweli atadai pesa yake na upinde utabaki stoo, Baba Allen ataendelea kuvuta hadi mkono uishe. Nikinyamaza tumepata bei nzuri na mume wangu anapona. Halafu najiambia labda yule mwalimu alikashifu tu, si wanunuzi wote hukashifu mali ili ishuke? Naomba uniambie, bei ya haki ya kitu kama hiki ni ipi, na je, nimuuzie?

Ni mimi Mama Allen, Sekei.

MAMA TEKLA ANAJIBU

Marahaba, Mama Allen. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikachukua simu hapohapo. Niliyokuambia siku ile nayaandika hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu najua hauko peke yako. Majina yote tumebadilisha.

Usimuuzie. Uliulizwa swali ukiwa unajua jibu, ukasema uongo, na kuanzia pale hapakuwa tena na mazungumzo ya bei. Pesa ya Violet irudi leo, pamoja na gharama ya kutuma, na usimtumie ujumbe wa maandishi. Mpigie, umwambie kwa mdomo wako kwamba upinde una ufa na ulijua. Binti wa watu atauvuta ule upinde hadi shavuni, pale pale karibu na jicho. Ukimwonea huruma mumeo, mwonee na yeye.

Sasa nikusikilize kidogo. Kuishi na mtu mzima anayejiumiza kwa makusudi ni kazi nzito, na wewe umeibeba bila kumwambia mtu. Uliogopa, na mtu akiogopa hushika mlango wowote ulio wazi. Nakuelewa. Lakini ulitaka kuuza mali ya mume wako akiwa kanisani. Angerudi akakuta stoo tupu, ungemwambia nini? Bega lingepona, na nyumba je?

Kuhusu bei, nilimuuliza mtu anayeufahamu mchezo huo, na hakupishana na mwalimu wako. Kishikio hudumu miaka mingi, kama hakijapinda kinashika thamani yake. Mikono ndiyo huchoka, na ikianza kuachana tabaka haina bei, hata shilingi mia. Uzi usiuhesabu, kila anayenunua hununua mwingine. Mishale hukatwa kwa urefu wa mkono wa mwenyewe, kwa hiyo kwa mtu mwenye mikono mirefu kuliko Baba Allen, mishale yake ni mifupi na ni hatari. Umeuliza kama Lerionka alikashifu ili apunguziwe. Anayekashifu ili apunguziwe hukashifu kila kitu. Huyu alisifu kishikio, akasifu podo na kilengeo, akakuonyesha mahali pamoja na akakueleza sababu. Bei ya haki ni ile unayoweza kuitaja mbele ya mnunuzi anayejua kila unachokijua wewe. Ile milioni na ushee haikuwa bei ya upinde. Mume wako alikuwa anaweka ukuta ili pasipite mtu.

Kwa hiyo nilikuambia umpigie Violet, halafu ukae na Baba Allen mchana kweupe umweleze yote, hata ya advansi. Ukalia kwenye simu, ukasema hatakusamehe. Nikakuambia hilo utalijua ukishasema.

Ulinipigia baadaye ukanipa habari. Violet hakukutukana. Alisema, "Dada, mimi ningempa mwanangu siku hiyohiyo," akakata simu. Hilo libebe, ni la kwako, na usimtafute akufariji.

Baba Allen ulimweleza wakati wa chakula. Ulidhani atafoka. Hakuuliza habari ya pesa. Aliuliza, "Huyo binti ana umri gani?" Ukamwambia kumi na tano. Akaweka kijiko chini, akaenda stoo, akafungua ile mikono miwili kutoka kwenye kishikio, akaiweka juu ya benchi na kuanza kuikata kwa msumeno wa chuma kwa mkono wa kushoto. Msumeno ulikuwa unaruka. Ukashika upande wa pili, mkakata pamoja hadi ikawa vipande, asije mtu akaviokota na kuvifunga tena. Alipomaliza alikuambia, "Mpigie yule mwalimu. Mwambie nilimkosea."

Lerionka alikuja. Alileta laki nne kama alivyosema, na mzee akamrudishia kiasi kidogo katika hizo pesa, akamwambia ni cha kununulia uzi mpya. Mwalimu alitaka kukataa, Baba Allen akamwambia, "Pokea, mwanangu, uzi nimeuchosha mimi." Biashara ikaishia hapo, na podo likaondoka begani kwa mtu mwingine.

Sasa unaniuliza la pili. Unasema tangu siku ile anakaa nje kwenye ngazi, hasomi gazeti, haendi dukani mapema, ukimsemesha anaitikia tu, na unajiuliza kama umefanya vibaya kulikazania jambo hili. Hukufanya vibaya. Lakini usitegemee mtu aimbe siku aliyozika kitu. Mrudishe hospitali kwa mazoezi ya bega, na uende naye, uingie naye ndani, kwa sababu akienda peke yake atakuambia wamesema kila kitu ni sawa. Usimwambie "ni kitu tu kile." Usimletee mchezo mwingine wa kuziba pengo. Na ukiniandikia tena kwamba hataki kuongea, nitakuuliza umemuuliza nini.

Maana kuna jambo moja nimelitafuta kwenye barua yako nikalikosa. Umeniandikia bei zote, umeniandikia bega, ufa na stoo. Hukuniandikia hata mara moja kwamba ulimwona akilenga. Nilikuuliza kwenye simu, ukasema hukuwahi kufika uwanjani, miaka yote hiyo, Jumamosi ulikuwa na kazi za nyumbani.

Basi Jumamosi hii acha kazi. Mwombe akupeleke Usa River, akuonyeshe mahali alipokuwa anasimama na shabaha ilikuwa umbali gani. Atakataa. Mwache amalize kukataa, halafu umwombe tena.