Valvu Niliyoiunguza Bafuni kwa Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana jambo hili limenikaba rohoni na sina wa kumwambia. Mimi ni fundi bomba hapa Oli, Arua. Mwaka jana shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alimjengea mama yao nyumba kule Dranya, Koboko, akanipa kazi ya bafu kabla mama hajahamia, nami nikiwa na haraka nikalehemu mabomba ya shaba kwenye valvu ya shawa bila kutoa kwanza kile kiini cha ndani chenye mipira, kinachochanganya maji baridi na ya moto, moto wa gesi ukakiyeyusha, nikasikia harufu nikajua, lakini valvu nyingine ingetoka Kampala na shemeji alikuwa ananipigia simu kila saa, basi nikabandika vigae nikanyamaza. Mwezi uliopita maji baridi yalikatika ghafla, yakaja ya moto matupu ya sola, yakamchoma mama mkwe bega na kifua. Kwetu mkwe haingii bafuni kwa mama mkwe, hata kumsogelea ni shida, nami nimejificha hapo. Kinachonitafuna ni kwamba mama anajilaumu, alimwambia mke wangu, "Ambia mukwe yangu asikasirike, mimi iko mzee, mkono yangu ndiyo naharibu kitu yake." Nami nikajibu kupitia mke wangu kwamba awe anageuza polepole. Sasa mke wangu, nimwite Nora, anakwenda wiki ijayo kujifungulia huko, na ataoga humo humo. Nifanyeje bila kuvunja ndoa?

Fundi, Oli

Fundi, pole, ila sitakubembeleza. Mama wa watu ameungua, ameomba radhi yeye, na wewe ukampa somo la kugeuza valvu! Aibu gani hii? Heshima ya ukwe inakukataza kuingia bafuni, haikukatazi kusema ukweli. Mkeo unalala naye chumba kimoja, ukaona heri uniandikie mimi.

Piga simu Dranya sasa hivi, maji ya bafu yafungwe kwa nje. Mama apelekwe kituo cha afya. Kisha tafuta fundi wa Koboko asiye mkwe wao, umweleze ulichofanya bila kupunguza neno, avunje vigae, aweke valvu mpya, na kiini kitolewe kabla moto haujagusa shaba. Ayapime maji kwenye ndoo kwanza. Mtume mjomba wako akakuombee msamaha. Shemeji atakutukana, na umestahili.

Ndoa huenda ikatikisika, sikufichi. Lakini mkeo anajua kusoma, na hata ukimbadilisha jina mara kumi atajitambua humu. Mwambie leo, kabla gazeti hili halijamfikia.