Hadithi ya Zuali Niliyoiita ya Nyanya Yangu

Ijumaa, Jeddah, jua linakaribia kuzama. Joto la leo ni lile la kunata, nguo zinakushika mwilini kabla hujafika getini. Lakini si joto lililonichemsha. Nina hasira, shajara, na nikikaa nayo kifuani nitaunguza wali wa watu.

Kikundi chetu cha wanawake wa Kenya kinaandaa mchezo wa kuwaaga wenzetu watatu wanaorudi nyumbani. Tunafanyia mazoezi Al-Hindawiyah, sebuleni kwa Bi Zuwena, mama wa Kizanzibari ambaye wazee wake walihamia huku baada ya mapinduzi. Hadithi nimeileta mimi. Niliwaambia ni ya marehemu nyanya yangu, kutoka kwetu Taita.

Uongo mtupu.

Hadithi ni ya Zuali. Zuali ni Mmizo, wa milimani kule pembeni kabisa mwa India, na tunafanya kazi nyumba moja hapa Al-Rawdah. Mimi niko jikoni, yeye anamtunza mama mzee wa madam. Mwaka jana alikuwa Riyadh, Al-Malqa, kwa dada yake madam, akahamishwa huku kama sanduku, hakuulizwa. Watu wote humwita Mfilipino, hata madam, anayeiweka mkobani mwake ikama ya Zuali, kibali cha kuishi huku kinachotaja nchi yake.

Alinisimulia tukikunja mashuka, kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza. Palikuwa na mume na mke waliopendana kweli kweli. Siku moja akapita tajiri, akamtazama mke, akauliza ni nani. Mume, nusu woga nusu mzaha, akajibu, "Huyu ni dada yangu." Kisha akataja mahari ya ajabu, ng'ombe wa kujaza bonde, akidhani tajiri atakata tamaa. Tajiri akaleta ng'ombe wote. Mume angesema nini tena? Mke akachukuliwa. Baadaye tajiri akampa mume sumu, akafa. Mke alipopata habari alikimbilia kaburini, akamsihi bibi kizee aliyekuwa akipita amuue ili azikwe hapo hapo na mumewe. Bibi akakubali, na mume na mke wakageuka vipepeo wawili.

Zuali alipomaliza alikuwa analia, na mimi nalia, na mashuka yamerundikana.

Mimi ndiye ninayecheza mume, kwa sababu ni mrefu na sauti yangu ni nzito. Wiki tatu hizi nimemsema yule mwanaume mpaka nimechoka. Mjinga gani huyo? Mdomo ulimwuma nini kusema "huyu ni mke wangu"?

Leo Zuali alipata ruhusa, nikaja naye. Alileta puan yake, ile shuka ya kufumwa ya kwao ambayo huitoa sandukuni Krismasi tu, ili Mercy anayecheza mke aivae. Akamfunga mwenyewe kiunoni, akarekebisha pindo mara tatu, kisha akakaa pembeni kushona maua ya vitambaa ya kuweka kaburini. Kaburi letu ni mito ya Bi Zuwena na katoni za maji.

Tukafika mwisho. Mercy akapiga magoti, na hapo Naomi, mwenyekiti wetu, akapiga makofi kusimamisha kila kitu.

"Wee, zii! Watu wametoka job wamechoka, alafu tuwaletee maiti? Huyu mwanaume aamke, wafanye harusi, tupige vigelegele, tukule. Halas!"

Nusu ya chumba ikashangilia. Zuali haelewi Kiswahili, ila alipoona mume anainuliwa kaburini alielewa. Akasimama na sindano mkononi. "Mafi," akasema. "Mafi kida." Siyo hivyo.

Naomi akacheka. "Na huyu Mfilipino anataka nini na story ya Wataita?"

Bi Zuwena hakucheka. Alinigeukia mimi, kwa upole wake ule. "Mwanangu, kwani huyu mwenzio ni nani? Mbona kama hadithi anaijua?"

Watu wakanitazama. Niliona aibu ya wiki tatu inanijia yote kwa pamoja, nikaona watakavyonicheka, nikatabasamu.

"Ni mfanyakazi mwenzangu tu, Bi Zuwena. Amekuja kutusaidia kushona."

Zuali alinitazama mimi, siyo Naomi. Akakaa, akamalizia ua alilokuwa ameshika.

Ndani ya gari nilimweleza kila kitu, kwa sababu tayari alikuwa ameshasoma usoni mwangu. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Umejibu kama yule mume." Kisha akageukia dirisha.

Namkasirikia Naomi, ndiyo. Mke anakufa katika hadithi hii, na wanaomtaka acheke harusini hawajaelewa kwamba neno moja la woga halirudishwi kwa vigelegele. Nawakasirikia wote wanaomwita mtu jina la nchi isiyo yake. Lakini Naomi hakujua. Mimi nilijua, na bado nilimkana mtu mbele ya shuka yake mwenyewe.

Nimetuma sauti kwenye kundi kabla sijaandika haya. Nimesema hadithi ni ya Zuali, wa Wamizo, nyanya yangu hakuwahi kuisikia, na mwisho utabaki kama alivyousimulia. Nikasema nilidanganya. Anayeona nimekosea kusema hivi anitoe kwenye mchezo.

Naomi ameshasikiliza. Bado nangoja neno lake.

Zuali yuko chumba cha pili, anamnywesha mama mzee supu. Sijamwambia. Msamaha wa kunong'ona hautoshi, kwa sababu nilimkana mbele ya watu.

Ijumaa ijayo, siku ya mchezo wenyewe, nitamkalisha mbele kabisa, niwaambie jina lake kabla mchezo haujaanza. Halafu nitasimama na kusema, "Huyu ni dada yangu," na kila mtu sebuleni mle atajua uongo huo si wa mume peke yake, ni wangu pia.

Wakininyima sebule, nitausema mstari huo hapa jikoni, yeye akiwa mtazamaji wangu peke yake.