Alama za Chaki Zilizopinda

Machi 3

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa. Mimi mzima, ila usingizi sina.

Kile kigari kinachojiendesha, mlicholetewa huko hospitali kubeba mashuka, ndicho ninachokiandikia ripoti hapa karakanani. Kila kikisimama kwenye majaribio, napiga alama ya chaki sakafuni. Mhandisi ana hesabu ya kukadiria kitakaposimama. Amechora umbo la yai na kuwaahidi wakubwa wenu kwamba hakitoki humo. Lakini kikikosea kidogo tu kukata kona, safari yote iliyobaki inapinda. Alama zangu zimejipanga kama ndizi, na ncha zake ziko nje ya yai. Kwa ramani ya chumba chenu cha kufulia, ncha moja inaangukia kwenye meza ya pasi. Hapo anasimama nani?

Mwanao, karani

Machi 9

Mwanangu,

Marahaba, baba. Mguu haujambo, na mdomo haujawahi kuugua. Meza ya pasi ni yangu, ya nani tena? Kigari kimepakwa rangi utadhani bwana harusi. Jana kilikuja kusimama karibu yangu mno hadi kikagusa aproni yangu. Nikakiambia, "Nina mume, wewe!" Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Huyo mhandisi umemwambia, au umeniambia mimi tu?

Shangazi yako

Machi 14

Shangazi,

Shikamoo. Mimi sikucheka.

Nilimwambia. Nilisema hesabu yake inachukulia kwamba kosa la kona linakwenda kwa mstari ulionyooka, ilhali linapinda. Akanitazama hadi nikasahau sentensi. "Karani, hizo za pembeni ni takataka za vipimo. Zitoe." Nikazitoa. Ripoti imekuja kwenu na sahihi yangu chini.

Nakuomba uhamie meza nyingine.

Mwanao

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Nilihama. Leo nikamwona aliyewekwa pale: binti mgeni, mjamzito. Nikamwambia msimamizi kwamba kigari kinaweza kumgonga, akanionyesha ripoti: haina tatizo, imetiwa sahihi.

Nimerudi mezani kwangu. Sikulaumu, najua unavyoihitaji kazi. Ila usinitafutie tena mahali pa kujificha mimi peke yangu.

Shangazi yako

Machi 22

Shangazi,

Shikamoo. Alama za chaki sakafuni zilikuwa bado zipo. Nimezipiga picha zote, na zile za pembeni, nikawapelekea wakubwa wa hospitali. Mhandisi amenifukuza leo asubuhi. Wakubwa wenu wanasema watalijadili wiki ijayo, na kigari kinaendelea kupita.

Nipo langoni mwa hospitali. Mlinzi hataniingiza, ila amekubali kukuletea karatasi hii. Acha pasi, mshike yule binti mkono, tokeni nje.

Mwanao

Machi 22, mchana

Shangazi, ni mimi tena. Mlinzi anasema karatasi ameiacha kwenye meza ya pasi. Hakukuta mtu, na pasi ilikuwa bado ya moto. Sijui mmetoka wenyewe au kigari kimewafikia. Nimemrudisha na hii. Akikuona, mpe neno moja tu aniletee.

Mwanao