Chupa Niliyoimwaga

Dada yangu, shikamoo,

Mimi mzima, na nyota yangu inawaka kama taa ya duka jipya: tajiri amenipandisha cheo! Sasa msimamizi wa duka zima la dawa ni mimi. Mtangazie shemeji na majirani zenu wote.

Chanzo ni ile semina ya kila mwaka ya wauza dawa. Wenzangu walisinzia, mimi nilikaa mbele kama bwana harusi. Tukaambiwa mwongozo umebadilika: ile dawa ya kikohozi yenye kodeini, mtoto mdogo hapewi tena, maana inaweza kumkata pumzi usingizini.

Basi jana kaja mama na mwanawe mgongoni, anaitaka hiyo hiyo. Nikamwambia, "Hapana, mama. Kifua hicho kipeleke hospitali."

Tajiri akatoka stoo mbio. "Mpe! Tumeiuza miaka yote, nani kafa?"

"Aliyekufa harudi dukani kulalamika, bosi."

"Semina moja tu, umeshakuwa profesa?"

"Profesa bado, ila ujinga wa mwaka jana siuuzi tena."

Akaichukua chupa amuuzie mwenyewe. Nikampokonya, nikaimwaga yote kwenye sinki mbele ya wateja. Mama akamkaza mtoto mgongoni, akashika njia ya hospitali. Nami hata leo ningeimwaga, na kesho pia, na anayetaka kununa anune.

Ni mimi mdogo wako, Bingwa wa Kaunta.

Nyongeza: Dada, cheo nimekudanganya. Nimefukuzwa kazi.