Kwa Nini Natoka Chumbani Wakati wa Picha

Mama yangu,

Kwanza niambie magoti yanaendeleaje, maana najua baridi ya Kitale haina huruma. Ile dawa ya kuchua inasaidia? Huku Juba joto limetushika na stima inakuja ikipotea, lakini mimi na mume wangu Wani tu wazima.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka niache kazi ya kupiga picha za meno, eti mionzi ndiyo imenifunga tumbo, miaka minne ya ndoa bila mtoto. Sikukasirika, Mama. Hata wagonjwa huiogopa.

Juzi alikuja mama mmoja anayewauzia chai madereva wa malori kule Nesitu, shavu limemvimba. Alitaka jino alilolionyesha ling'olewe, basi. Daktari akasema lipigwe picha kwanza. Nikamfunika aproni nzito ya kuzuia mionzi, nikageuka kwenda nyuma ya ukuta. Akanishika mkono.

"Kama hii kitu iko salama, kwa nini wewe nakimbia?"

Nikaketi kando yake. "Ni kama moshi wa jiko lako," nikamwambia. "Mteja anauvuta kidogo, anakunywa chai, anaenda. Wewe unashinda nao. Mionzi ya picha yako ni kidogo sana, na ni ya leo tu. Mimi napiga picha kutwa, kila siku."

Akafikiri, akaniachia mkono, akafungua kinywa.

Picha ilionyesha kuwa jino lile lilikuwa zima. Usaha ulikuwa chini ya mzizi wa jino la jirani, ambalo kwa nje halina hata doa. Tungemsikiliza, angerudi Nesitu na pengo, na maumivu yaleyale.

Mimi pia navaa kifuani kidude kinachopima mionzi inayonifikia. Mpaka leo hakijawahi kuonyesha kitu cha kutisha. Sikukuambia habari zake mapema kwa kuwa sikutaka tubishane.

Sasa naweza kukuambia yote. Wiki iliyopita nilienda kupimwa, Mama. Nina mimba ya miezi mitatu. Nilimweleza daktari wetu wa meno siku hiyohiyo, tukakubaliana niendelee kusimama nyuma ya ukuta, na kidude changu kisomwe kila mwezi. Wani anatabasamu peke yake hata akipiga mswaki.

Nisalimie Shangazi Poni, aliyenilea ukiwa kwenye vibarua, na kaka Lado, fundi wetu wa baiskeli. Sijawaambia lolote. Nimekuachia wewe uwaambie.

Mimi binti yako,
Kiden